Manamba wa shamba lipi?

Karani alikuwa ameketi chini ya mwembe, kishikwambi mapajani, anaita wakulima waliofika kuhakikiwa kwa ajili ya pembejeo za korosho. Nilikwenda kwa niaba ya mama, ambaye magoti hayamruhusu tena kusimama foleni. Mikorosho yetu ya Mingoyo ilikuwa bado kwenye jina la marehemu baba, na safari hii tulikubaliana nyumbani niandikwe mimi.

"Somoe Rashidi Manamba!"

Nikainuka. Pembeni yangu, juu ya gogo la mnazi, alikuwa amekaa mzee mmoja mwenye baraghashia iliyopauka, mikono yote miwili juu ya fimbo.

"Manamba?" akauliza. "Wa shamba lipi?"

Nikadhani anaulizia mikorosho. Nikaanza kumwelekeza, lile la kule bondeni, ukishapita kisima. Akatikisa kichwa taratibu.

"Siulizi shamba lako, mjukuu wangu. Babu yako alikuwa manamba wa shamba lipi?"

Karani akaita mara ya pili. Nikaenda, nikaweka kidole, nikasubiri jina litokee kwenye kioo. Niliporudi, gogo lilikuwa tupu.

Hiyo ilikuwa wiki moja kabla ya Ramadhani. Mfungo ukaanza, ukaisha, tukala Idi, na swali la yule mzee likawa bado limekaa palepale nilipoliacha.

Tulivyofundishwa nyumbani

Baba alituambia Manamba ni ukoo. Ukoo wa Wamakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, kutoka Mueda. Alikuwa mwalimu, na alilisema hilo kama mwalimu, mara moja na kwa sauti ya kutosha. Darasa la nne tulipoambiwa tuandike habari za koo zetu, niliandika hivyohivyo na nikapata vema.

Wala si kwamba sikulijua neno. Kila aliyesoma historia shuleni anawajua manamba, wale watu wa mikataba waliotolewa mbali kwenda kukata mkonge. Nililisoma, nikalijibia mtihani, nikafaulu. Sikuliunganisha na jina langu hata siku moja.

Nimejiuliza sana iliwezekanaje. Labda ni kwa sababu jina la mtu halisikiki kama neno. Tuna jirani aitwaye Shida. Nimemwita Shida tangu nikiwa mdogo, nimemtuma dukani, nimemlilia alipofiwa, na sikuwahi kuwaza shida.

Baada ya ule mwembe, hata hivyo, kila nilipoandika jina langu niliona neno.

Nilijaribu kulitetea. Huku kwetu majina yanayoanza na Na- ni mengi, hasa ya kina mama. Mama yake marehemu Rais Mkapa, aliyezaliwa Lupaso kule Masasi mwaka 1938, aliitwa Stephania Nambanga. Nikasema basi labda letu nalo ni la namna hiyo, Namba kama Nambanga, na hiyo "ma" mbele ni mazoea ya ulimi tu. Nikalala na hoja hiyo usiku mmoja. Asubuhi haikuwa na nguvu. Kilichonibakia akilini ni kitu kingine kabisa: baba yake Mkapa alijulikana kama William Matwani. Mtoto wa Kusini kufikia Ikulu kwa jina lisilo la baba yake si ajabu kwetu. Jina la mwisho huku haliendi lazima pale damu inapokwenda.

Kuhesabu wenzangu

Nikachukua daftari nikaanza kutuhesabu.

Babu alikuwa na watoto sita, wanawake wanne na wanaume wawili. Wanawake waliolewa, na watoto wao wakaandikwa kwa baba zao. Baba mkubwa aliitwa Ally Salum, na watoto wake wote wanaishia na Salum, kwa sababu fomu zilitaka majina matatu, lako, la baba, la babu, na babu yao ni Salum. Tumekulia uani pamoja, tumekula sinia moja la ugali wa bada, na kwenye karatasi wao ni watu wengine.

Baba yangu angekuwa Rashidi Salum, basi. Shangazi ndiye aliyenieleza ilivyotokea. Darasani kwao kulikuwa na akina Rashidi Salum watatu, na mwalimu akawataka wawili waongeze kitu cha kuwatofautisha. Baba akataja jina ambalo watu walimwita baba yake njiani. Likaingia kwenye rejista. Kutoka hapo likaenda kwenye cheti, kwenye ajira, kwenye benki, na likatushukia sisi watoto watano na watoto wanne wa kaka zangu.

Tisa. Binti yangu si mmoja wao, yeye ameandikwa kwa baba yake na babu yake wa huko.

Sensa ya mwaka 2022 ilikuta Watanzania 61,741,120, na mkoa wetu wa Lindi peke yake watu 1,194,028. Sensa haitoi hesabu ya majina ya ukoo, na hata kabila mara ya mwisho liliulizwa mwaka 1967. Kwa hiyo jina kama letu halina mahali linapohesabiwa. Anayetaka kujua lina watu wangapi, inambidi apite mlango kwa mlango kama nilivyofanya mimi kwa ndugu.

Na kwa utaratibu wetu wa majina matatu, jina la mwisho linazama kila kizazi kinapoongezeka. Mjukuu analibeba, kitukuu kwa kawaida analidondosha. Ni kama mkonge wenyewe, majani ya chini ndiyo hukatwa kwanza, na yanayochomoza juu hayajui yaliyotangulia. Jina la babu limefika kwangu kwa sababu tu ya darasa lililokuwa na akina Rashidi watatu.

Nikatafuta na Facebook. Niliwaona wachache, nikawaandikia watatu, akajibu mmoja, kijana wa Korogwe, Tanga. Nilifurahi mno, nikamwita ndugu kabla sijamuuliza lolote. Tukaanza kulinganisha. Babu yake alikuwa Muha kutoka Kasulu. Hakuwahi kufika Lindi, na babu yangu hakuwahi kuona Kigoma. Hakuna tone la damu kati yetu.

"Ila na babu yangu alikuwa mkonge," akaandika.

Nilikaa na simu mkononi muda mrefu. Hapo hoja yangu ya Nambanga ikafa.

Namba

Mkonge ni mgeni hapa. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika Tanga hai mwaka 1893 ilikuwa 62. Kutokana na hiyo sitini na mbili mashamba yakaenea pwani yote hadi huku Lindi, na mwaka 1964 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani 200,000 za singa, yaani nyuzi zake. Wazungu wanauita sisal. Hilo ni jina la bandari, Sisal, kule Yucatán nchini Mexico, ambako marobota yalipakiwa melini. Mmea ukaitwa kwa jina la mahali ulipopakiwa.

Niliposoma hilo nilifunga kitabu kwanza.

Kwa sababu na mtu aliyekuja kuukata aliitwa hivyohivyo. Wenye mashamba walihitaji mikono mingi kuliko iliyokuwapo karibu, maana watu wa karibu walikuwa na konde zao na hawakuona sababu ya kuziacha. Wakaletwa watu wa mbali kwa mkataba, Waha, Wabena, Wangoni. Mwaka 1944 wakulima wa mkonge wakaanzisha ofisi yao ya kuandikisha watu, SILABU. Huku kwetu wengi walivuka Ruvuma wenyewe, wakikimbia kazi za kulazimishwa, kodi na pamba ya Wareno. Kila mmoja akafika kambini, akaandikwa, akapewa namba. Namba ikawa manamba. Aliyeitwa na mama yake jina fulani akawa manamba fulani, na mara nyingine hata hilo fulani halikutajwa.

Malipo yalikwenda kwa kipande, kadi yenye vyumba 30. Ukimaliza kazi uliyopimiwa siku hiyo, chumba kimoja kinatiwa alama. Usipomaliza, umefanya kazi bure na chumba kinabaki cheupe. Majani yalifungwa thelathini thelathini, mzigo ukabebwa hadi relini, kisha korona, mashine ya kuchakata majani yatoke nyuzi. Mshahara ulikuja kipande kikijaa.

Haya yote niliyasoma. Yalikuwa ya watu wengi, na bado sikujua ni lipi la babu yangu.

Kopo la shangazi

Shangazi yangu mkubwa anaishi Nyangao, kwa Wamwera wenzake wa upande wa bibi. Nilimkuta barazani anapepeta. Nikamwamkia, nikakaa, tukaulizana habari za watu wote mpaka wakaisha. Halafu nikamuuliza kwa nini tunaitwa Manamba.

Akaendelea kupepeta.

"Baba yako alikuambiaje?"

"Aliniambia ni ukoo."

"Basi."

Alikaa kimya mpaka ungo ukaisha. Akaingia ndani, akatoka na kopo la biskuti lenye kutu, akaliweka kwenye mkeka katikati yetu. Ndani mlikuwa na tasbihi ya mbao, kisu kidogo kisicho na mpini na karatasi ngumu ya rangi ya udongo iliyokunjwa mara nne. Aliikunjua kwa viganja, si kwa vidole, kama mtu anayetandaza chapati.

Vyumba thelathini, mistari mitano ya sita sita. Kila chumba kilichojaa kilikuwa na alama ya penseli, ile ile, mkwaju mmoja wa haraka unaopinda mwishoni. Nilizihesabu. Ishirini na sita. Vinne vya mwisho vilikuwa vyeupe. Mahali pa jina karani aliandika neno moja, "Mawia", jina ambalo watu wa huku waliwapa Wamakonde wote wa ng'ambo. Mahali pa namba paliandikwa 2714, tena kwa wino, kwa mwandiko mzuri.

"Mbona hakikujaa?"

Shangazi akagusa jicho lake la kushoto.

Hilo jicho la babu nilikuwa nalijua kwenye picha. Moja tu tunayo, na anaitazama kamera kwa upande. Nilidhani ni jua. Jani la mkonge lina mwiba mweusi nchani, mgumu kama sindano ya kushonea magunia, na babu aliinama kukata jani la chini wakati la juu yake halijakatwa. Siku ya ishirini na saba hakwenda konde. Wala siku zilizofuata. Kwa kuwa kipande hakikujaa, kwa maelezo yake mwenyewe, hakulipwa hata zile ishirini na sita. Akatoka kambini kwa miguu, akaifuata barabara ya Masasi mpaka ilipomchoka, na ilimchoka kwa bibi.

"Alikuwa anaitunza ya nini?" niliuliza.

"Wanamdai," shangazi akasema, kisha akajirekebisha. "Anawadai."

Yule mwanamke wa Rutamba

Nilidhani yameishia hapo. Nilikuwa nimeshaanza kukusanya viatu vyangu shangazi aliposema, "Alikuwa na jina, lakini."

Vita vya Msumbiji vilipoanza mwaka 1964, wakimbizi walivuka kwa maelfu, na wengi wakapelekwa kambi ya Rutamba, hapa hapa Lindi. Shangazi alikuwa na miaka kama tisa. Siku moja mchana akasimama uani mwanamke mgeni, uso wote umechanjwa nembo, mdomo wa juu una ndonya, pambo la kutobolea mdomo. Watoto wakakimbilia ndani. Mwanamke hakubisha hodi. Aliita jina.

Babu alikuwa nyuma ya nyumba, anatia mpini wa jembe. Jembe lilianguka. Alikuja mbio, mtu ambaye shangazi hakuwahi kumwona akikimbia, akasimama mbele ya yule mwanamke na kulia kwa sauti.

"Nikamuuliza mama, yule anamwita nani? Mama akaniambia, anamwita baba yako."

Alikuwa dada yake, tumbo moja. Alibaki huku mpaka Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975, akarudi kwao na watoto wake.

Shangazi amenitajia jina hilo. Silitaji hapa, kwa sababu ameniomba nisiliandike mahali popote kabla watu wa kule hawajaambiwa, na nimemwelewa.

Ukoo uko wapi

Hili ndilo lililonichukua muda kuliko yote, na nisingelielewa bila shangazi.

Kwa Wamakonde wa kule, mtu ni wa likola, yaani ukoo, ya mama yake. Watoto wa mwanamume si wa likola yake. Ni wa likola ya mama yao. Watu wake yeye ni watoto wa dada zake, na neno la mjomba kwao ni zito kuliko la baba. Wamwera nao walifuata upande wa mama. Maana yake, kwa desturi aliyozaliwa nayo, babu yangu hakutuachia ukoo sisi. Sisi ni wa bibi, watu wa Nyangao. Ukoo wake uliendelea kwa yule mwanamke aliyesimama uani, na kwa watoto aliorudi nao Mueda. Huko wako wengi pengine, na hakuna hata mmoja anayeitwa Manamba.

Sisi tisa tunaobeba jina tunabeba namba yake. Waliobeba ukoo wake hawajui kwamba jina hili lipo.

Nilimweleza kaka yangu mkubwa kwa simu. Alikasirika, tena kweli kweli. Akataka tuape mahakamani wote tisa, tubadilishe vyeti, turudi kwenye jina la kwanza la babu. Kwa nini watoto wake waitwe kwa namba ya mtu aliyemtia mzee wetu upofu na kumnyima ujira? Sikuwa na jibu. Nikampelekea shangazi swali hilo.

"Jina lile ni la watu wake," akasema. "Huenda wameshamrithisha mpwa wake. Mtalichukuaje?"

Kuhusu baba bado sijatulia. Shangazi anasema alijua. Alikiona kipande akiwa kijana, akamwomba yeye asitusimulie. Miaka ile alipoingia ualimu, kumwita mtu manamba lilikuwa tusi. Lakini alikuwa na njia rahisi kabisa, kuandika Rashidi Salum kama kaka yake na jambo likaisha. Hakuifuata. Alilishika jina la baba yake kwenye kila karatasi ya maisha yake, kisha akatuambia ni ukoo. Kuna siku namwona alitudanganya. Kuna siku namwona kijana wa darasani aliyeulizwa mbele ya wenzake yeye ni Rashidi wa nani, akamtaja mtu mwenye jicho moja aliyemsubiri nyumbani, kwa jina pekee ambalo watu wangemjua.

Ningependa kwenda Mueda. Njia ipo: Masasi, Mangaka, Mtambaswala, tangu daraja la Ruvuma lifunguliwe mwaka 2010. Ila Cabo Delgado, mkoa ilipo Mueda, haijatulia tangu mashambulizi yalipoanza Oktoba 2017, na mama ameniapisha nisivuke sasa. Kwa hiyo nimetuma salamu kwa mchonga vinyago mmoja wa Mtwara mwenye ndugu kule. Nimempa jina la yule mwanamke wa Rutamba, si la babu.

Gogo la mnazi

Pembejeo zilifika mwezi uliopita, tukaitwa tena chini ya ule mwembe. Nilimwona kabla sijashuka kwenye bodaboda. Gogo lilelile, baraghashia ileile. Nikamwamkia shikamoo, nikakaa pembeni yake.

"Uliniuliza swali, babu. Sikukujibu."

Akanitazama bila kunikumbuka. Nikamtajia shamba, lile alilonitajia shangazi. Uso ukafunguka taratibu, akaanza kuangalia mikono yangu, sijui kwa nini, kama vile angeona kitu cha kule.

"Namba?"

"Elfu mbili mia saba kumi na nne."

Akaitikia kwa kichwa. Akataja yake, haraka, pamoja, kama mtu anayetaja jina la mtoto wake.

Nikamwambia kipande chake tunacho.

"Kilijaa?"

"Siku ishirini na sita."

Alinyamaza. Karani alikuwa anaita watu, magunia ya salfa yanashushwa, vumbi lake la njano likitua juu ya kila kitu. Mzee akachora mistari minne mchangani kwa ncha ya fimbo, mmoja mmoja. Akaiangalia. Kisha akavuta mguu wake pembeni ili asiikanyage.